Kila Mkono na Jina Lake: Usalama wa Mitandao ya Kompyuta katika Biashara Zetu

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wasimamizi wa mitandao ya kompyuta wa kampuni, maduka na vyama vya akiba. Ilitolewa kwanza Gitega, kisha Muyinga. Tunaichapisha kama ilivyosomwa Muyinga.



Nimefika hapa nikitokea Gitega kwa njia ya Karuzi. Mara kwa mara katika barabara za mji huu hupishana na malori yaliyovuka mpaka wa Kobero yakiwa na shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kila lori lina dereva, dereva ana karatasi, na karatasi ina muhuri na sahihi. Askari akilisimamisha anaweza kuuliza nani alipakia, nani aliruhusu, na mzigo ni wa nani, naye atajibiwa. Lakini ipo mizigo mingine inayovuka milima yetu usiku na mchana bila lori: majina ya wateja, hesabu za madeni, malipo ya kahawa, akiba za wakulima na wajane. Hiyo hupita katika nyaya na angani, na funguo za milango yake mnazishika ninyi. Leo nimekuja kuwauliza swali lile lile la barabarani: ni mkono wa nani uliogusa, na kwa idhini ya nani?

Mimi si fundi wa kompyuta. Yaliyo ya ufundi katika maneno yangu nimeyapokea kwa wenzangu wapelelezi na kwa watu wa kazi yenu waliokubali kunifundisha kwa subira. Langu ni lile ninaloliona kwenye benchi la kituo cha polisi, pale ambapo watu hufika baada ya madhara kutokea.

Kisa cha keshia

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji ambao sitautaja, palikuwa na duka la jumla la saruji na mabati. Lilikuwa na wafanyakazi watano, kompyuta tatu, na seva moja iliyowekwa chini ya ngazi. Wafanyakazi wote waliingia katika programu ya mauzo kwa akaunti moja iliyoitwa "keshia". Nywila yake, yaani neno la siri, ilikuwa ni mwaka duka lilipofunguliwa, nayo ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya kibodi.

Jumatatu moja mwenye duka alikuta ankara za mabati zimefutwa na madeni ya wateja wawili yamefanywa sifuri. Mashine ilionyesha kuwa yote yalifanyika Jumamosi jioni, na aliyeyafanya ni "keshia". Keshia wa duka alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Tajiri wake alimleta kituoni kwa mkono wake mwenyewe. Binti alisema kwamba Jumamosi ile alikuwa harusini kwa ndugu zake. Alijibiwa kwamba mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Akalala mahabusu siku nne.

Mama yake alikuja kila asubuhi na chupa ya uji, akaketi kwenye benchi. Siku ya tatu nilipita mbele yake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hiyo mashine iliuona uso wake?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia asubiri uchunguzi, nikaingia ofisini.

Siku ya nne mpelelezi mmoja aliyekuwa na ujuzi wa kompyuta aliomba kuiona seva ile. Alikuta ndani yake programu ya kuingilia kwa mbali, iliyowekwa na fundi aliyewahi kulihudumia duka. Mkataba wa fundi huyo ulikwisha miezi minane kabla, wala hakuna aliyekumbuka kuufunga mlango wake. Programu hiyo ilikuwa na daftari lake dogo la matukio, na daftari lilionyesha kwamba Jumamosi jioni mtu aliingia kutoka nje. Kutokana na hapo upelelezi ulipata njia nyingine, na binti akaachiliwa.

Sehemu ya hasara ya duka ilirudi. Jina la binti halikurudi. Hakuwahi kurejea kazini, na mtaani kwao neno "mwizi" lilitangulia mbele yake kwa muda mrefu. Sisi polisi tulikuwa na kosa letu, na sioni haya kulisema mbele yenu: tulidhani kwamba jina la akaunti ni jina la mtu. Lakini mtandao ule nao ulikuwa umejengwa kwa namna ambayo hata mtu mwadilifu asingeweza kujitetea.

Tangu hapo ninaamini kwamba usalama wa mtandao una kazi mbili. Ya kwanza inajulikana na wote, nayo ni kumzuia mwizi. Ya pili husahauliwa: kumkinga asiye na hatia siku mwizi atakapopita. Mtandao usioweza kusema nani alifanya nini huwaweka watumishi wote chini ya shaka moja. Yote nitakayowashauri leo yanatoka katika neno hilo.

Mwenzako akinyolewa

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi kubwa. Lakini mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwaka 2019 wapelelezi wa Rwanda walitangaza kuwakamata watu kumi na wawili, Wakenya wanane, Wanyarwanda watatu na Mganda mmoja, kwa tuhuma za kujaribu kuvamia mfumo wa benki ya Equity. Angalieni mchanganyiko huo wa uraia: wahalifu walikwisha kuifanya Afrika Mashariki kuwa soko moja.

Oktoba 2020 zamu ilikuwa ya Uganda. Mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha benki na huduma za fedha kwa simu, ulivamiwa. Benki ya Stanbic pamoja na kampuni za simu za MTN na Airtel zilitoa taarifa ya pamoja kuwajulisha wateja kwamba huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zimesitishwa kwa sababu ya tukio lililompata mshirika wao. Taasisi kubwa tatu zilisimama kwa sababu ya mlango wa jirani. Nanyi mnaotunza mtandao wa duka la mtaani, lenye wakala wa fedha za simu na kompyuta ya hesabu, jiulizeni: je, mimi ni mlango wa kuingilia kwa nani?

Jambo la kwanza: akaunti moja kwa mtu mmoja

Futeni akaunti za pamoja. Kila mfanyakazi awe na akaunti yenye jina lake, na apewe ruhusa zinazotosha kazi yake tu. Anayeuza hana haja ya kufuta ankara. Anayepokea mzigo hana haja ya kuona mishahara. Ninyi wasimamizi nanyi muwe na akaunti mbili: moja ya kazi za kila siku, nyingine ya usimamizi, itakayofunguliwa pale tu inapohitajika. Mtu anayesoma barua pepe zake kwa akaunti ya usimamizi ni kama mlinzi anayekwenda sokoni na funguo zote za ghala zikining'inia kiunoni.

Nywila iwe ndefu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo mwenyewe anaweza kuyakumbuka, ni bora kuliko neno fupi lililopambwa kwa alama. Isiwe namba ya simu, jina la mtoto, wala mwaka wa kufunguliwa duka. Kwa barua pepe, kwa mfumo wowote unaogusa fedha, na kwa kila akaunti ya usimamizi, wekeni uthibitisho wa hatua mbili, ili aliyeiba nywila akute mlango wa pili umefungwa. Na anayekwenda kula mchana afunge kioo chake. Dakika ishirini za kiti kitupu zinatosha kumharibia mtu maisha.

Jambo la pili: anayeondoka aondoke na ufunguo wake

Siku mfanyakazi au fundi anapomaliza kazi, akaunti zake zifungwe siku hiyo hiyo. Hiyo si ishara ya kumshuku. Ni heshima kwake pia, kwa maana likitokea jambo mwezi ujao hatatajwa. Wekeni karatasi moja ya kuagana: akaunti ya programu ya mauzo, barua pepe, waifai, ruta, programu ya kuingilia kwa mbali, ufunguo wa chumba cha seva. Kila mstari utiwe alama na sahihi za pande zote mbili.

Programu za kuingilia kwa mbali zimetusaidia sana, maana fundi aliye Bujumbura anaweza kuitengeneza mashine iliyo Muyinga bila safari. Lakini zisiachwe wazi. Zifunguliwe fundi anapoombwa, saa iandikwe, kisha zifungwe.

Sisi tunaojua foleni ya mafuta ni nini tutaelewa vyema yaliyoipata Marekani mwezi Mei 2021. Kampuni ya Colonial Pipeline, yenye bomba kubwa la mafuta katika upande wa mashariki wa nchi ile, ilisimamisha bomba lake kwa siku kadhaa, na watu wakapanga foleni vituoni. Wavamizi waliingia kwa nywila ya akaunti ya zamani, ambayo haikuwa ikitumika tena na haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti hiyo ilipaswa kufungwa, nayo haikufungwa. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu chapisheni orodha ya akaunti zote, mketi na mkuu wenu, na kwa kila jina muulize: huyu ni nani, na bado anahitaji nini humu? Jina lisilo na jibu lifungwe kabla ya kikao kwisha.

Jambo la tatu: daftari la matukio na saa iliyo sahihi

Seva, ruta na programu nyingi za hesabu zina daftari la matukio: nani aliingia, lini, kutoka wapi, akafanya nini. Mara nyingi daftari hilo huwa limezimwa, au hujifuta baada ya siku chache. Liwasheni. Lihifadhini kwa miezi kadhaa, na nakala yake iwe katika mashine nyingine, kwa kuwa mwizi mwenye akili huanza kwa kuchana ukurasa wake.

Mwezi Februari 2016 Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa dola milioni 81 kwa njia ya mtandao. Wezi walikuwa wametuma maagizo ya karibu dola bilioni moja. Mkuu mmoja wa upelelezi wa polisi ya nchi ile alieleza baadaye kwamba benki haikuwa na ukuta wa kinga wa mtandao, na kwamba mashine zake za mfumo wa malipo ya kimataifa ziliunganishwa kwa swichi za mitumba za dola kumi. Vifaa hivyo duni viliwatesa na wapelelezi pia: vilifanya iwe vigumu kujua wavamizi walifanya nini na walikuwa wapi. Benki kuu ya nchi iliweka akiba juu ya kifaa kile ambacho kingetoa ushahidi.

Tena, angalieni saa za mashine zenu. Hapa kwetu umeme hukatika, na betri ndogo ya ndani ya kompyuta ikifa, mashine huamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Daftari lenye tarehe ya uongo humpa kazi ngumu hakimu. Wekeni mashine zote zichukue saa kutoka chanzo kimoja kwenye intaneti.

Watu wa Muyinga mna jambo lenu la pekee. Saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kampuni yenye tawi hapa na tawi Ngara inaweza kuwa na tukio moja lililoandikwa katika saa mbili tofauti, na shahidi akaonekana mwongo kwa sababu ya kuvuka Kobero. Zaidi ya hayo, mmoja akisema saa mbili hatujui kama ni ya Kiswahili au ya kioo cha kompyuta. Katika maandishi ya kazi andikeni saa 20:00, na mtaje ni saa ya nchi gani.

Jambo la nne: ziba nyufa

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 ndani ya siku chache. Ilifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya ufa ule ilikuwa imetolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioumia walikuwa hawajaiweka.

Najua mtaniambia kwamba vifurushi vya intaneti ni ghali. Basi pakueni sasisho mara moja, usiku, katika mashine moja, kisha mligawe kwa nyingine kupitia mtandao wa ndani. Na epukeni programu za wizi zinazouzwa kwenye flashi: anayewauzia kufuli iliyovunjwa anaweza kuwa amebaki na ufunguo.

Nyufa nyingine ni ndogo na haziwagharimu hata faranga moja. Badilisheni nywila ambayo ruta ilitoka nayo kiwandani. Tenganisheni waifai ya wageni na mtandao wa kompyuta za fedha, ili mteja anayesubiri risiti asiwe chumba kimoja na hesabu zenu. Flashi iliyookotwa isichomekwe popote. Na seva itoke chini ya ngazi: iwe katika chumba kinachofungwa, chenye hewa, na betri ya dharura ya kuishikilia mpaka jenereta iwake.

Jambo la tano: akiba haiozi

Tarehe 27 Juni 2017, programu haribifu iliyojulikana kama NotPetya iliingia katika kampuni ya meli ya Maersk kwa kupitia programu ya hesabu iliyokuwa ikitumiwa nchini Ukraine. Kwa muda mfupi kompyuta zilizima duniani kote na bandari zikashikwa na msongamano wa malori. Kampuni ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa nyingi, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake. Zikafutika zote kwa pamoja. Ikabaki moja, katika ofisi ya Ghana. Ilisalimika kwa sababu saa ile ya shambulio umeme wa Ghana ulikuwa umekatika, na seva hiyo haikuwa kwenye mtandao. Diski yake ilibebwa kwa mkono hadi Nigeria, ikakabidhiwa mtumishi mwingine, naye akaruka nayo hadi Uingereza. Kampuni tajiri kama ile iliokolewa na kukatika kwa umeme barani Afrika.

Sisi tusingoje bahati ya namna hiyo. Kumbukeni hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za data, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Nami naongeza: moja iwe imechomolewa kabisa kwenye mtandao, kwa sababu nakala iliyounganishwa muda wote huugua pamoja na mgonjwa. Mwenye tawi Gitega na tawi Muyinga anaweza kubadilishana diski kila wiki, zikiwa zimefungwa kwa nywila. Na kila mwezi jaribuni kurudisha faili moja kutoka kwenye nakala. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Jambo la sita: fedha zisitoke kwa sauti ya mtu mmoja

Uvamizi mwingine haupiti kwenye nyaya. Hupita kwenye adabu zetu. Inakuja barua pepe kama ya mkuu: "Lipa haraka, niko safarini." Au msambazaji wa siku zote anaandika kwamba amebadilisha namba ya akaunti. Sisi tumelelewa kutii wakubwa, na mwizi anajua hivyo. Wekeni kanuni kwamba badiliko lolote la namba ya malipo huthibitishwa kwa kupiga simu kwenye namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo katika barua. Malipo makubwa yapite mikono miwili. Na muwe macho zaidi siku ya mwisho ya juma na mkesha wa sikukuu. Kule Bangladesh maagizo yalitumwa usiku wa Alhamisi, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ni siku za mapumziko katika nchi ile.

Jambo la saba: siku ya tukio

Nasema hapa kama polisi. Mkigundua uvamizi, msifute mashine na kuanza upya. Najua mkuu anataka duka lifunguke asubuhi. Lakini fundi anayefuta mashine ili kuiponya anafuta pia nyayo za mwizi, na wakati mwingine anafuta ushahidi wa kumwokoa mwenzake.

Chomoeni waya wa mtandao na mzime waifai ya mashine iliyoguswa, lakini iacheni ikiwaka kama umeme upo, kwa sababu yako mambo yanayoishi ndani yake mpaka pale inapozimwa. Pigeni picha kioo. Mtu mmoja achukue daftari la karatasi na kuandika: saa gani, nani aliona, nini kilifanyika. Hifadhini barua za mwizi wala msimjibu peke yenu. Badilisheni nywila muhimu kutoka mashine nyingine iliyo safi. Wajulisheni benki au kampuni ya simu mara moja, kisha mje kwetu.

Wengi hawaji, kwa sababu ya haya. Wanahofia wateja watakimbia. Mficha uchi hazai. Colonial Pipeline iliwalipa wavamizi fidia ya karibu dola milioni 4.4, lakini kwa kuwa iliwaarifu wapelelezi mapema, sehemu kubwa ya fedha hizo ilifuatwa na kurejeshwa. Kwetu ipo Sheria Na. 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022 kuhusu kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandao. Sheria hiyo ni yenu. Haiwezi kuwasaidia katika jambo lililozikwa chini ya meza.

Nanyi mna haki ya kutudai adabu. Askari hatakupigia simu kukuomba nywila. Atakayekupigia na kuiomba kwa jina la polisi, huyo ni mwizi, kata simu na uje utueleze. Anayekuja kuchukua mashine kwa upelelezi aonyeshe kitambulisho na hati, naye aandike kila kifaa alichochukua mbele yako. Na kwa wenzangu wenye sare walioketi hapa leo naomba neno moja: tukiletewa mtu kwa sababu ya jina la akaunti, tuulize kwanza ni wangapi walioijua nywila yake.

Swali la Gitega

Nilipomaliza kusema haya Gitega, kijana mmoja alisimama nyuma ya ukumbi akaniuliza: "Afande, nimekusikia. Lakini tajiri wangu ndiye anayetaka nywila moja kwa wote, eti akaunti nyingi zinamchelewesha. Nikikataa, atamtafuta mwingine. Nifanye nini?"

Nilimjibu hivi, nami narudia mbele yenu kwa sababu wakuu wengi wako ukumbini. Usibishane naye kuhusu kompyuta. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja, kwa heshima. Mweleze kwamba kwa nywila moja, siku fedha zikipotea hataweza kumshtaki mwizi, kwa sababu wakili wa mwizi atauliza nani mwingine aliijua. Mweleze kwamba yeye mwenyewe, aliyeijua, atakuwa katika orodha ya wanaoshukiwa. Kisha mpe akaunti yake binafsi, yenye kuona kila kitu na isiyofuta kitu, na umfundishe kuitumia siku hiyo hiyo. Omba sahihi yake kwenye barua, akubali au akatae, nawe uhifadhi nakala. Barua hiyo itakukinga wewe.

Nanyi wakuu, kijana anayewaandikia barua ya namna hiyo msimwone mkaidi. Anawaomba ruhusa ya kuwalinda.

Ndugu zangu, kesho asubuhi mtarudi kwenye mashine zenu. Siombi mfanye yote saba siku moja. Naomba moja tu: fungueni orodha ya akaunti, mtafute ile inayotumiwa na watu zaidi ya mmoja, mkaivunje. Kwa kazi ya nusu saa, siku moja mama fulani atakaa kwenye benchi letu na kuuliza kama mashine iliuona uso wa mwanawe, nasi tutakuwa na cha kumjibu.